Sam Ntiro: Mwanafunzi wa Sanaa kati ya Studio na Ukuta wa Maonyesho

Mafunzo ya sanaa za uchoraji na uchongaji yana pande mbili ambazo mara nyingi huzungumziwa kana kwamba hazihusiani: kazi ya studio, ambako mwanafunzi hujaribu, hufuta na kurudia, na maonyesho, ambako kazi hiyo hutundikwa mbele ya watu wasiomjua mchoraji wala mwalimu wake. Historia ya Sam Ntiro, mchoraji aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, inadhihirisha jinsi pande hizo mbili zinavyofinyangana, na jinsi mwanafunzi anavyoweza kupita mikononi mwa walimu wenye misimamo inayopingana bila kumezwa na hata mmoja wao.

Ntiro alisoma katika Chuo cha Makerere, Kampala, katika miaka ya 1940, chini ya Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha madarasa ya sanaa mwaka 1937, ambayo baadaye yalikua na kuwa shule ya sanaa ya chuo hicho. Trowell aliamini kwamba mwanafunzi wa Kiafrika hakupaswa kulazimishwa kuiga namna ya Ulaya ya kutazama vitu, na kwa sababu hiyo alitumia mbinu aliyoipata London kwa mwalimu wake, Marion Richardson: badala ya kuweka mtungi au tunda mezani ili wanafunzi walichore, mwalimu husimulia tukio kwa maneno, tuseme soko, mavuno au kisa cha Biblia, na kila mwanafunzi huliona akilini mwake kabla ya kushika brashi. Mbinu hiyo ilikuwa na faida kubwa, kwani ilimthibitishia kijana aliyetoka kijijini kwamba kumbukumbu yake mwenyewe ni malighafi ya sanaa. Lakini ilikuwa pia na kasoro, kwa kuwa mwalimu aliyekataa kufundisha mbinu za Ulaya ndiye aliyeamua, kwa niaba ya wanafunzi wake, Uafrika katika sanaa uwe wa namna gani.

Kutokana na malezi hayo Ntiro alijenga mtindo ambao haukumtoka maishani. Picha zake zinaonyesha Wachaga wakilima, wakikata ndizi, wakijenga na kusherehekea, na watu hao huchorwa wadogo, wengi kwa pamoja, nyuso zao zikiwa hazina alama za kumtofautisha mmoja na mwingine, kwa sababu anayechorwa hasa ni jamii iliyo kazini wala si mtu mmoja mmoja. Miti na vilima hupangwa kwa mpigo wa kujirudia, na umbali hauonyeshwi kwa kanuni ya Ulaya inayotaka mistari yote ikutane kwenye nukta moja, bali kwa kupandisha vitu juu zaidi kwenye picha kadiri vinavyokuwa mbali.

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1950 Ntiro alikwenda Slade, shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha London, ambako Trowell mwenyewe alikuwa amesomea. Mkuu wa Slade wakati huo, William Coldstream, alikuwa na imani iliyo kinyume kabisa na ile ya Makerere: mchoraji alipaswa kumtazama mtu aliyeketi mbele yake, kupima kwa brashi iliyonyooshwa mkononi umbali kati ya bega na kiwiko, na kuacha vialama vya vipimo hivyo kwenye turubai, yaani kitambaa kizito kilichokazwa kwenye fremu ya mbao. Ntiro alikaa ndani ya utaratibu huo, kisha akaendelea kuchora migomba ya Kilimanjaro kwa kumbukumbu. Wahakiki kadhaa waliziita picha zake za mtu asiyefunzwa, hukumu ambayo ni ya haraka mno, kwa kuwa mtu aliyepita Slade na bado akachora hivyo hawezi kusemwa kwamba hakujua njia nyingine, alikuwa amechagua.

Uchaguzi huo ulipata kipimo chake hadharani mwaka 1955, alipoonyesha kazi zake katika Piccadilly Gallery jijini London. Mambo ambayo studio haifundishi hujitokeza katika shughuli kama hiyo: ni picha ipi itangulie mlangoni, ipi iachwe nyumbani hata kama mchoraji aliitolea jasho, na bei gani iandikwe kwenye orodha. Kwa desturi picha hutundikwa ili kitovu chake kiwe takriban sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtazamaji wa wastani, na pembeni huwekwa kibao kidogo chenye jina la kazi, mwaka na aina ya rangi. Jambo gumu zaidi kwa mwanafunzi ni kuziona picha zake zikikaa bega kwa bega, kwa sababu hapo ndipo anapogundua kama ana jambo moja analolifuatilia au amekuwa akirukaruka tu. Kwa Ntiro jambo hilo lilikuwepo tayari.

Mwaka 1960 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York liliingiza katika hazina yake picha aliyoichora mwaka 1956, yenye kuonyesha wanaume wakipeleka mbege, yaani pombe ya ndizi, kwa bibi harusi usiku. Mchaga anayeitazama hahitaji kuelezwa mbege ni nini wala kwa nini inapelekwa kwa akina bibi harusi, ilhali mtazamaji wa New York huona maumbo na rangi kwanza na desturi baadaye, kama ataiona kabisa. Mwaka uliofuata Tanganyika ilipata uhuru, na Ntiro akarudi London akiwa Balozi wa nchi hiyo.

Elimo Njau, Mchaga mwingine aliyesoma Makerere katika miaka ya 1950, alilichukua suala la watazamaji kwa njia nyingine. Mwaka 1959 alichora picha za ukutani katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, nchini Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Kuzaliwa, kubatizwa na kusulubiwa kwa Yesu kunatokea humo katikati ya watu na mandhari ya Kiafrika. Maonyesho ya namna hiyo hayana siku ya kufungwa, hayana orodha ya bei, na watazamaji wake wengi huja kusali.

Trowell alistaafu mwaka 1958, na mrithi wake, Cecil Todd, akaingiza historia ya sanaa ya Ulaya na nadharia ya rangi katika masomo ya Makerere. Wanafunzi waliofuata wakawa na mbinu nyingi zaidi, lakini kumbi za kuonyeshea zilikuwa bado chache, na nyingi zilimilikiwa na kuendeshwa na wageni. Pengo hilo ndilo lililomfanya Njau ashirikiane na wenzake kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, ukumbi wa sanaa ambamo Waafrika wenyewe ndio walioamua kazi gani itundikwe.