Mluzi kwenye gari la mjomba, kumbe mchawi ni mimi!

Wiki hii sina habari za mapenzi wala za disko. Nawaletea kisa cha gari, na ndani yake kuna siri yangu ambayo mjomba mwenyewe ameijua juzi tu. Tulieni.

Mjomba wangu anakaa hapa Raskazone na ana Corolla nyeupe aliyoinunua kwa kiinua mgongo chake. Gari hiyo ndiyo duka lake na ndiyo shamba lake. Anabeba maharusi, anapeleka wagonjwa Bombo, na kila Jumamosi alikuwa na mama mmoja wa biashara wa kumpeleka Segera na kumrudisha. Basi baada ya sikukuu ya Idi gari ikaanza kupiga mluzi. Ikishatoka Pongwe na kuchanganya, upande wa abiria wa mbele panaanza fiiiii... mpaka Muheza! Yule mama akavumilia safari tatu. Ya nne akapanda gari la mtu mwingine, na akamweleza mjomba kwa upole wote wa Kitanga kwamba masikio yake yamechoka.

Mjomba akaenda kwa fundi. Fundi mlango hata hakuugusa, akasema hizo ni beringi za magurudumu ya mbele. Zikanunuliwa beringi mbili, ikalipwa na pesa ya ufundi, gari ikarudi barabarani... fiiiii! Usiku nikamsikia mjomba anaongea na dalali uani. Bei aliyotajiwa ilikuwa ya kutupa. Sikulala, na sababu nitawapa huko mbele.

Asubuhi nikamvaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, bwana mdogo."

"Mjomba, usiuze kwanza. Nipe siku moja tu."

Akanitazama kama mtu anayeombwa mkopo. "Wewe umemaliza kidato cha nne, hukusoma ufundi." Lakini gari akaiwasha.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapoliwa hela. Beringi mbovu hunguruma, haipigi mluzi, na ukikata kona sauti yake hubadilika kwa sababu uzito wa gari unahamia upande mmoja. Tairi nayo hubadilisha sauti ukitoka lami mbaya kuingia lami nzuri. Kelele ya injini inafuata gia. Upepo haujali hayo yote, wenyewe unafuata mwendo, na ukiongeza mwendo kidogo tu kelele inapaa. Halafu huku kwetu pwani kuna kusi na kaskazi. Siku upepo unapovuma wa ubavu, gari ile ile inalia zaidi ukienda na kidogo ukirudi. Kwa hiyo jaribio ufanye barabara moja, siku moja, mwendo ule ule.

Nikanunua gundi ya karatasi, ile wapiga rangi wanayobandika kwenye vioo. Tukasimama nje ya Pongwe nikaziba mianya yote ya mlango wa abiria kwa nje: kuzunguka fremu, ukingo wa kioo, chini ya kioo cha pembeni, mpaka ncha za zile plastiki za kukinga mvua. Gari ikawa kama mgonjwa aliyetoka thieta, watoto wa pale walitucheka sana. Mjomba akashika 80... kimya! Mjomba akageuka kunitazama mpaka nikamwambia angalia barabara.

Kuanzia hapo ni kubandua kipande kimoja, kwenda, kurudi. Plastiki, kimya. Kioo cha pembeni, kimya. Nilipobandua kona ya juu ya mlango, kule nyuma, mluzi ukarudi. (Mwenye haraka na asiyetaka kuchekwa afunge mlango juu ya kipande cha karatasi kisha akivute. Kikibanwa, mpira unafanya kazi. Kikitoka bila kujivuta, hapo ndipo pabovu. Usiku unaweza kumweka mtu ndani na tochi, wewe ukatafuta mwanga nje.)

Kwa nini kona ile? Hewa ikipita kwa kasi ubavuni mwa gari, mgandamizo wake unapungua, na ile ya ndani inasukuma kioo na fremu kwenda nje. Fremu iliyo sawa inabaki imeubana mpira. Iliyopinda inaachia upenyo mwembamba, na upenyo mwembamba ndio filimbi yenyewe. Ndiyo maana gari ikisimama huoni kitu.

"Fremu hii imepindaje?" mjomba akauliza.

Nikameza mate. Wasomaji, siku ya Idi niliiazima ile gari, nikampeleka binti mmoja kupunga upepo wa bahari. Nikafunga milango, ufunguo umebaki ndani! Akatokea kijana na bisibisi na kabari ya mti, akaibenua kona ya mlango, akaingiza waya, akavuta kitasa. Tukampa chake, tukafurahi. Hakuna aliyeangalia mlango.

Nikasema yote. Mjomba alikaa kimya muda mrefu kuliko ule wa gundi. Kisha akasema, "Haya, nyoosha."

Tukateremsha kioo mpaka chini. Mjomba akaweka goti kwenye mlango kwa ndani, akaishika fremu kwa mikono miwili, akaivuta ndani kidogo kidogo, kila mara tukipima na karatasi. Usivute kwa hasira, utaipinda upande wa pili. Mpira nao ulikuwa umelala pale pale, jua na chumvi ya bahari haviupendi mpira, basi tukaupenyezea ndani mrija mwembamba wa dripu, mpya wa duka la dawa, ukainuka. Tukaosha mipira yote kwa maji ya sabuni na kuipaka silikoni. Msipake oili wala grisi jamani, vinaiharibu.

Mlango unaocheza wote ni habari nyingine. Hapo angalia bawaba, halafu ile ndoano ya kitasa kwenye nguzo: chora alama ya penseli mahali ilipo, legeza skrubu, isogeze ndani milimita moja au mbili, kaza. Na nyie mnaozimia Carina ED, au zile Subaru Impreza za kabla ya 2007, milango yenu haina fremu, kioo kinabana mpira chenyewe. Hizo zinalia upesi, na dawa yake mara nyingi ni kurekebisha nati zinazoshika kioo ndani ya mlango. Hapo tafuta fundi anayezijua, usijaribu na bisibisi ya kuazima.

Jumamosi iliyopita yule mama wa Segera alipanda tena. Mjomba anasema alilala kuanzia Muheza. Dalali kaambiwa gari haiuzwi, na mimi nimeandikiwa deni la beringi mbili, nalipa kidogo kidogo kutoka malipo ya makala haya. Ufunguo, msiniulize. Siku hizi mjomba analala nao.