Bawa Laini Si Lazima Liwe Bora

Ndege zitumiazo uwanja wa Eldoret hazipiti mbali na Yamumbi, nasi tumezizoea kama tulivyoyazoea mahindi shambani. Naona mazoea hayo yanawanyima wanafunzi wetu somo zuri la fizikia.

Uwanja huo uko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Uzito wake umepungua kwa takriban moja ya tano ukilinganishwa na wa hewa ya pwani. Kwa hiyo ndege hulazimika kwenda kasi zaidi ndipo mabawa yaweze kuiinua. Ikipunguza mwendo mno, au ikiinua pua kupita kiasi, hewa hubanduka mgongoni mwa bawa, nayo ndege hudidimia.

Wengi hudhani kwamba dawa ni bawa laini kama kioo. Sivyo daima. Mpira wa gofu wenye vishimo huenda mbali kuliko ulio laini, kwa sababu vishimo huisukasuka hewa inayougusa, nayo ikauambata kwa muda zaidi. Mjerumani Ludwig Prandtl, aliyeueleza utando huo wa hewa mwaka 1904, alilifunga tufe waya mwembamba mwaka 1914, na ukinzani wa hewa ukapungua.

Ndiyo maana baadhi ya ndege ndogo hubandikwa vibati vilivyosimama karibu na ukingo wa mbele wa bawa. Vibati hivyo huzua vimbunga vidogo vinavyoizuia hewa isibanduke mapema, hata ndege ikaweza kwenda polepole bila kudidimia.

Hata hivyo, si kila mkwaruzo ni neema. Barafu bawani imeangusha ndege nyingi. Na vishimo vilivyotapakaa bawa zima huweza kuongeza msuguano kuliko faida. La muhimu ni mkwaruzo uwe wapi, wa kiasi gani, na kwa mwendo upi.

Swali hilo halihitaji maabara ya mamilioni. Mwalimu mwenye feni, bawa la katoni na mizani ya jikoni anaweza kuanza. Wanafunzi wapime bawa laini, kisha wabandike uzi karibu na ukingo wa mbele, kama wafanyavyo waundaji wa ndege za mfano, wapime tena. Matokeo yakipingana na matarajio, wayaandike vivyo hivyo, kisha watafute sababu.

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Mwanafunzi anayekariri tu kwamba ulaini hupunguza msuguano atapasi mtihani. Aliyepima mwenyewe ndiye atakayeunda.