Wafuasi Unao, Wateja Je? Shika Mwenyewe Data ya Biashara Yako

Mfanyabiashara mwenzangu, jibu swali hili kabla hujaendelea kusoma. Peji yako ikifungiwa leo usiku, kesho asubuhi utaweza kuwapigia simu wateja wako wangapi? Sizungumzii wafuasi. Nazungumzia wale waliokutumia hela, ukawafungia mzigo, ukawakabidhi kwa boda au ukaupakia kwenye basi.

Wengi wetu tukijibu kwa ukweli, namba inakuwa ndogo mno. Peji ina wafuasi 12,000, ila namba za simu zilizoseviwa hazifiki 100. Oda zote ziko inboksi, saizi za wateja ziko inboksi, nani anadaiwa nusu ya hela nayo iko inboksi. Yaani daftari la duka lako liko kwenye kabati la mtu mwingine, na funguo anazo yeye.

Wenye kumbukumbu watakumbuka Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021. Ilipofika kama saa 12 na nusu jioni kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima, zote tatu kwa mpigo. Zilikaa hivyo zaidi ya saa sita. Hakukuwa na mdukuzi wala vita. Mafundi wa kampuni walikuwa kwenye matengenezo ya kawaida, amri moja ikakosewa, mtandao wao wenyewe ukajikata. Muuzaji ambaye mzigo wake ulikuwa njiani na namba ya mteja iko ndani ya chati ya Instagram, jioni ile hakuwa na la kufanya. Alisubiri tu kama abiria aliyeharibikiwa na basi porini.

Ile ilirudi. Kuna ambazo hazikurudi. Google+ ilifungwa Aprili 2019 na vilivyokuwemo vikaanza kufutwa. Mwezi mmoja kabla yake, MySpace ilikiri kwamba ilipohamisha seva ilipoteza nyimbo, picha na video za watu, zile zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma. Jirani zetu Uganda, Facebook ilizuiwa Januari 2021 siku chache kabla ya uchaguzi, na aliyekuwa amejenga soko lake lote kule akaanza kutafuta njia za kuzunguka.

Sasa basi, kuna watu wakubwa wa teknolojia wanaosema tatizo ni mpangilio wenyewe. Mmoja ni Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni wavuti mwaka 1989. Kwa miaka kadhaa amekuwa akisukuma mradi unaoitwa Solid, na mwaka 2018 alishirikiana na mwenzake kuanzisha kampuni ya Inrupt ili kuupeleka mbele. Wazo ni rahisi kulielewa kama unajua duka: kila mtu awe na kabati lake la data, alichague mwenyewe litakaa wapi, na programu ndizo zije kubisha hodi kuomba kusoma au kuandika. Ukichoka na programu moja, unaifungia mlango na kuikaribisha nyingine. Vitu vyako vinabaki palepale.

Wengine ni watafiti wa kundi la Ink & Switch, ambao mwaka 2019 walichapisha andiko kuhusu programu zinazoanzia kwenye kifaa chako. Kwao, nakala iliyo kwenye simu yako ndiyo nakala yenyewe, na ile ya kwenye seva ni msaidizi tu. Bando likiisha unaendelea na kazi. Kampuni ikifa, kazi yako haifi nayo.

Kabati la Solid sioni kama litamfikia muuza madera wa Kariakoo mwaka huu wala mwakani. Lakini akili yake unaweza kuitumia leo, kwa simu hiyohiyo uliyoshika.

Anza na oda. Kila anayelipia, andika nje ya chati: jina, namba ya simu, mtaa au stendi anakopokelea mzigo, alichonunua, saizi, tarehe, deni kama lipo. Faili la Excel linatosha, na daftari la karatasi nalo linatosha, mradi mara moja kwa wiki ulipige picha kurasa zake. Wauzaji wengi huona hii kazi ni ya kupoteza muda mpaka siku anapotaka kumjulisha kila mwenye mguu namba 39 kwamba mzigo mpya umeingia, ndipo anaanza kupandisha chati za miezi mitatu kwa kidole.

Mtu atasema, si Instagram wanakuruhusu kupakua taarifa zako? Ndiyo, na fanya hivyo. Lakini jua utakachopata. Utapata picha zako, meseji zako na orodha ya majina ya akaunti za wanaokufuata. Namba zao za simu hazimo. Ukipoteza akaunti, orodha ya majina kama hayo haitakusaidia kumpigia mtu. Namba ni lazima uiombe mwenyewe wakati wa oda, na mteja anayesubiri mzigo wake hawezi kukunyima.

Hata ukiwa na namba, mwombe naye asevu ya kwako. Ujumbe wa orodha ya matangazo ya WhatsApp unamfikia tu aliyesevu namba yako. Wasiosevu hawataupata, na wewe utabaki kusema wateja siku hizi ni wagumu.

Chati za WhatsApp nazo ziwekee nakala ya akiba. Kwa Android inakaa kwenye akaunti yako ya Google, na unaweza kuifunga kwa nywila ili asiisome mtu mwingine. Nywila hiyo ukiisahau, WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia, kwa hiyo iandike mahali salama nyumbani. Majina ya kwenye simu hakikisha yanaseviwa kwenye akaunti ya Google, yasikae kwenye laini, kisha kila mwezi yatoe kama faili ulitunze pembeni, hata kwenye flashi.

Hapa kwenye umiliki ndipo naona watu wanaumia zaidi kuliko hata kwenye kuzimika kwa mitandao. Peji ilifunguliwa na kijana wa duka la simu, kwa barua pepe yake. Laini ya biashara imesajiliwa kwa kitambulisho cha shemeji. Dada anayejibu oda anatumia simu yake na namba yake. Wote ni watu wazuri mpaka siku mkigombana au dada akifungua biashara yake. Siku hiyo hakuna wa kumlaumu kisheria kirahisi, maana kwenye karatasi mali ni ya aliyesajiliwa. Barua pepe ya kurejesha akaunti iwe yako, laini iwe kwa jina lako, na msaidizi aunganishwe kupitia vifaa vilivyounganishwa vya WhatsApp, ambavyo unaweza kumtoa kwa kubonyeza mara moja.

Na tukidai data yetu, tukumbuke kuwa sisi nasi tumeshika data za watu. Zile skrinshoti tunazoposti stetasi, "mteja kapokea mzigo wake", zikiwa na jina kamili, namba na muamala wake, ni taarifa za mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina tume yake ya kupokea malalamiko. Kenya wana yao ya 2019, na hawatanii: Septemba 2023 sehemu moja ya starehe Nairobi ilipigwa faini ya Sh 1,850,000 za Kenya kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Sheria hiyo ya Kenya inampa mtu pia haki ya kupewa data yake na kuihamishia kwingine, kama ile ya Ulaya iliyoanza Mei 2018. Kabla ya kuposti, muulize mteja. Akikubali, bado funika namba.

Lile faili la Instagram, omba leo. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kupakua taarifa zako, chagua muda unaoutaka. Haliji papo hapo, watakujulisha kwa barua pepe likiwa tayari, na linki yake inakufa baada ya siku chache. Kama una picha nyingi, lipakue sehemu yenye Wi-Fi, maana bando lako litaliwa lote.