ULINZI WA PRINTA ZISIZOTUMIA WAYA

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanakumbushwa kuwa printa iliyounganishwa na mtandao bila ya waya si chombo cha kuchapia tu. Ni kompyuta: ina anwani yake katika mtandao, ina kumbukumbu, na baadhi yake huhifadhi nakala za nyaraka zilizochapishwa.

Ukumbusho huu unawahusu zaidi wenye shughuli baina ya Visiwani na mikoa ya Iringa na Mbeya, ambako Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika. Hata pale waraka unapolindwa vyema njiani kutoka Unguja, mwisho wa safari hupelekwa kwenye printa kwa mawimbi ya redio, nayo hayakomei ukutani. Ikiwa mtandao wa ofisi hauna ulinzi, aliye katika duka la jirani, iwe Kihesa au Mwanjelwa, aweza kuunasa. Waraka huo huenda ukawa cheti cha mgonjwa au hati ya shamba.

Hatari hii si ya kubuni. Mwezi wa Novemba 2018, mtu mmoja alidai kuziamuru printa zipatazo 50,000 duniani zichapishe tangazo lake. Hakuhitaji kuvunja neno la siri, kwani printa hizo ziliachwa wazi kwenye intaneti.

Kwa hiyo inashauriwa yafuatayo:

Kwanza, neno la siri la msimamizi lililokuja na mashine libadilishwe siku ile ile inapofungwa, kwani huandikwa vitabuni na hujulikana na wengi.

Pili, rauta na printa zitumie ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ule wa zamani wa WEP usitumike. Udhaifu wake ulidhihirika tangu 2001.

Tatu, njia ya simu kuungana na printa moja kwa moja bila ya kupitia rauta ifungwe isipohitajika.

Nne, printa isiwekwe katika mtandao wa wageni, wala isifikiwe kutoka nje ya ofisi.

Tano, programu yake ya ndani isasishwe, na kumbukumbu ifutwe kabla ya mashine kuuzwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Karatasi iliyomo kabatini hufungiwa kwa ufunguo. Iliyomo ndani ya printa nayo ni amana. Tahadhari kabla ya athari.