Mafuriko yaibua suala la haki ya makazi

Mvua kubwa za mwaka 2024 zilipoufurisha Mto Mathare jijini Nairobi, baadhi ya wakazi walipoteza makao mara mbili: kwanza kwa maji, kisha kwa matingatinga ya serikali yaliyobomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni.

Kila joto la hewa linapoongezeka kwa nyuzi moja ya Selsiasi, hewa huweza kubeba unyevu zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvua huwa nzito. Waathirika wakuu ni maskini, wanaoishi mabondeni kwa kukosa kodi ya kwingineko.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi bora. Kuwahamisha watu kutoka hatarini huokoa maisha. Kuwahamisha bila kuwaonyesha pa kwenda huwanyima haki hiyo.