Ua la Mparachichi Hufunguka Mara Mbili

Mparachichi ukichanua vizuri, mkulima wa Mlola, kwenye Milima ya Usambara, huanza kupiga hesabu ya mavuno. Maua ni maelfu kwa maelfu, lakini hata msimu ukiwa mzuri, yanayozaa hayafiki moja katika kila mia. Yakizaa machache kupita kiasi, lawama huangukia mbolea au mche. Kabla ya kulaumu, tazama ua lenyewe.

Kila ua lina sehemu ya kike na ya kiume, ila haziwi tayari kwa wakati mmoja. Likifunguka mara ya kwanza, kijiti cha kike kinasimama katikati, ncha yake nyeupe ikingoja chavua, na stameni tisa, yaani sehemu ya kiume, zimelala pembeni. Baada ya saa chache ua hujifunga. Kesho yake hufunguka tena: stameni zimesimama na kumwaga chavua, nayo ncha ya kike mara nyingi imeshanyauka.

Kwa saa za kufunguka, miparachichi ina makundi mawili. Miti ya kundi A, kama aina ya Hass, huwa ya kike asubuhi na ya kiume mchana wa siku ya pili. Ile ya kundi B, kama Fuerte, huwa ya kike mchana na ya kiume asubuhi inayofuata. Kwa hiyo asubuhi B humpa A chavua, na mchana A humrudishia B. Wanaoibeba ni nyuki na nzi.

Ratiba hiyo hufuata joto. Milima ya Usambara ikifunikwa na ukungu, maua huchelewa kufunguka na zamu hizo huvurugika. Nyuki nao hubaki mzingani, na chavua iliyokwisha kutua huota polepole, pengine isilifikie yai. Ndipo unapoona vijitunda virefu kama kidole; vipasue, hutakuta kokwa ndani.

Baridi hatuiwezi, lakini mengine yamo mikononi mwetu. Shamba la Hass tupu lichanganywe na miti michache ya kundi B, isiwe mbali. Mizinga iwekwe karibu. Dawa ya wadudu isipulizwe wakati maua yamefunguka. Ikilazimu, iwe jioni nyuki wakisharudi, na iwe ile isiyowadhuru. Anayeua nyuki wakati wa maua anapunguza mavuno yake mwenyewe, hata angemwaga samadi debe kwa debe.