Lisemwalo Lipimwe Kwanza

Mwaka 1995 habari za Popobawa zilitoka Pemba zikavuka hadi Unguja. Watu walihama vyumba vyao, wakalala nje makundi kwa makundi wakiwa wamewasha moto. Kisha kijana mmoja mgonjwa wa akili, aliyekuja Unguja kutafuta matibabu, akadhaniwa ndiye Popobawa. Kundi la watu likamuua.

Hao walikuwa watu kama sisi, tuliozoea kupokea neno barazani na kulipitisha bila ya kulipima. Husemwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo tumeigeuza ruhusa ya kutouliza.

Akili hufunzwa kama mkono unavyofunzwa kazi, kwa kurudia. Ukiletewa habari, uliza: Nani ameona kwa macho yake? Aliyekwambia amesikia kwa nani? Kuna sababu nyengine inayoweza kulieleza jambo hili?

Anza na mambo madogo, kama uvumi wa kupanda bei ya sukari. Siku ya hofu hakuna wasaa wa kujifunza. Mtu hutenda alilolizoea. Na pengine atakayelipia mazoea hayo ni mgonjwa asiyeweza kujieleza.